Chati ya Mwisho Kwenye Kamba ya Wandera

Nimestaafu. Mkimaliza kucheka, niendelee.

Najua mtu hustaafu akiwa na mvi, akapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mimi nina miaka thelathini na nne, meno yangu yote yapo, na hakuna aliyenifukuza. Nyinyi mliobaki gereji mmeniambia, "Sikio, andika hizi vitu kabla uzisahau." Haya, naandika. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe kama mnavyonyoosha fenda.

Kabla ya gereji nilikuwa naosha malori Malaba, kwenye ule msururu unaosubiri kuvuka mpaka wa Uganda. Ukiosha lori injini ikiwa inanguruma, unajifunza mambo bila kufundishwa. Siku moja nilimwambia mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, "Mzee, lori lako linakohoa. Silinda moja haifanyi kazi." Akajibu kwamba lori si lake, yeye anapita tu. Halafu akauliza ni silinda gani. Nikasema ile ya nyuma kabisa. Akaenda akaongea na dereva, wakafungua, akarudi akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi sokoni.

"Unaitwa nani?"

"Barasa."

"Kesho kuja Busia, Burumba, nyuma ya yadi. Uliza Wandera."

Ndiyo barua yangu ya ajira hiyo.

Asubuhi yake nilifika nikidhani nitakuta malori. Nikakuta gari jekundu la milango miwili, chini kama mjusi, magurudumu yake ya nyuma yamekaa juu ya pipa kubwa la chuma lililozikwa sakafuni, na mikanda imelifunga mbele na nyuma kama fahali anayepelekwa kupimwa. Mnaijua hiyo mashine, lakini wengine watakaosoma hawaijui. Fundi Wandera, yule mzee mwenyewe, alilitoa lile pipa kwenye rola kuukuu la kushindilia barabara lililokuwa limeoza porini. Akalichonga, akalisawazisha, akafunga kifaa cha kuhesabu mizunguko, akaunganisha na kompyuta. Gari linakanyagwa mafuta likiwa palepale, pipa linazunguka, na kompyuta inaangalia pipa linavyoongeza kasi. Kwa kuwa uzito wa pipa unajulikana, nguvu ya injini haina pa kujificha. Pipa tulilipa jina Kukhu, yaani bibi, kwa sababu ni zito, halina haraka, na halidanganywi na mtu.

Siku hiyo ya kwanza ndipo nilipoona desturi ya pale. Kabla gari halijakanyagwa, kila mtu aliyepo, mteja, fundi, hata mama aliyeleta chai, anachukua chaki na kuandika ukutani anakisia farasi wangapi watatoka, maana nguvu ya injini huhesabiwa kwa farasi. Baada ya hapo Kukhu anasema. Aliyekosea mbali kuliko wote anachukua brashi na sabuni na kuliosha pipa, kutoa ule mpira wa tairi unaogandia. Haijalishi umevaa suti. Nimeona daktari akisugua. Nimeona mchungaji akisugua, tena anaimba. Mimi nilikisia farasi elfu moja, kwa sababu ya ile rangi nyekundu. Nikaosha.

Karatasi yenye matokeo inatundikwa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, ukutani upande wa dirisha. Zimejaa pale kama nepi za mapacha.

Sasa kuhusu hizo karatasi. Kila chati ina mistari miwili. Mmoja ni wa farasi, mwingine ni wa nguvu ya kusokota, tunayoita toki. Wateja wote wanaangalia ncha ya mstari wa farasi, basi. Fundi alinifundisha kwa kunipeleka mpakani, akanionyesha wale jamaa wa baiskeli wanaovusha mahindi.

"Ona yule," akasema. "Gunia mbili mara moja, anasukuma polepole. Na yule mwingine, nusu gunia, lakini ameenda amerudi, ameenda amerudi. Gunia ni toki. Safari ni mizunguko ya injini. Mahindi yanayorundikana ng'ambo mpaka jioni ndiyo farasi."

"Kwa hivyo wote wawili wanaweza kuwa na farasi sawa?"

"Wanaweza. Lakini mvua ikinyesha na njia iwe matope, uliza nani atafika."

Nilielewa hapo hapo. Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa mtu mzuri, ila hakuwahi kutupeleka mpakani.

Magari yaliyopita mikononi mwangu siwezi kuyataja yote. Kulikuwa na yale ya Kijapani, injini ndogo isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inayopenda kuzungushwa mpaka inalia kama cherehani. Toki yake ni mstari mdogo uliolala, na farasi wanapanda, wanapanda, mpaka mwisho kabisa. Kulikuwa na moja la Kimarekani, silinda nane, toki yake imeshiba toka chini, unaigusa tu Kukhu anashtuka. Na la Kijerumani lenye tabo mbili, toki inapanda haraka halafu inakaa juu bapa, kama meza ya fundi seremala.

Kijana mmoja wa Kampala alituletea lile la cherehani akiwa na hasira. Rafiki yake ana gari la tabo, farasi karibu sawa, lakini kila wakitoka kwenye kona anaachwa.

"Ssebo," Fundi akamwambia, "leteni yote mawili."

Wakaleta. Tukapima. Fundi akachukua chati mbili, akazipandisha moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Ndio ufundi wangu ninaoupenda kuliko wote, na hauhitaji umeme. Ncha za farasi zilikuwa karibu mahali pamoja. Lakini huku chini na katikati, mstari wa rafiki ulikuwa juu sana, na kati ya mistari miwili kulikuwa na nafasi ambayo ungeweza kufuga kuku.

"Unaona hapa? Gari lako linaanza kazi wakati lake limeshakunywa chai."

"Lakini kitabu cha gari kinasema nina farasi wengi kuliko hawa! Mmeniibia farasi!"

"Kitabu kimeandikwa karibu na bahari. Hapa tuko juu, hewa ni nyepesi. Injini yako inavuta hewa kwa pua yake yenyewe. Ya mwenzako ina tabo, inasukumiwa."

Kijana akaziangalia tena zile chati. Halafu akacheka, akavua saa, akauliza brashi iko wapi. Alikuwa amekisia mbali sana.

Hiyo habari ya hewa ishikeni, tafadhali. Karibu sehemu moja kwa kumi ya farasi wa injini isiyo na tabo hubaki Mombasa. Mteja akilia, mwambie taratibu. Msimcheke. Mtu na gari lake ni kama mtu na mtoto wake siku ya kuchukua ripoti.

Kazi yangu mimi hasa ilikuwa sikio. Injini ya mbio ikisukumwa sana, petroli hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na hapo inagonga. Tunaita noki. Noki kidogo inakula pistoni, noki kubwa inatoboa. Na haisikiki kwa urahisi, kwa sababu Kukhu ananguruma, feni inapiga kelele, na bomba la moshi linapiga mayowe. Kwa hivyo tulikuwa na kifaa chetu: bomba la shaba, ncha moja imepondwa na kufungwa kwa bolti kwenye injini, ncha nyingine mpira mrefu unaoingia kwenye vifuniko vya masikio. Navaa, nasikia tumbo la injini. Fundi anakaa ndani ya gari na kompyuta mapajani, anaongeza nguvu kidogo kidogo, kila mara anakanyaga mpaka juu. Nikiinua kiganja, safi. Nikikunja ngumi, noki, anaachia mara moja. Ngumi yangu iliokoa injini nyingi. Ndipo nikaitwa Sikio, na hata mke wangu ameacha kuniita Barasa.

Kuna kitu hatukujua. Ule mpira ulikuwa unaniletea kelele yote moja kwa moja, mwaka baada ya mwaka, na nikivua vifuniko nilikaa wazi karibu na bomba la moshi, nikisikiliza kwa raha. Nilikuwa naipenda ile sauti. Bado naipenda, hata sasa.

Nikaja kumjua Amoding. Ni mtoto wa kike wa Malaba, dereva wa lori la kwenda Kampala siku za kazi, na dereva wa mbio siku za mapumziko. Akiingia gereji anapiga kelele toka barabarani, "Yoga, Sikio!" na mimi najibu kwa Kiteso changu kibovu, anacheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa na gari la zamani la milango minne, silinda nne na tabo, injini aliyoijenga kipande kwa kipande muda mrefu. Timu moja ya ng'ambo ilikuwa imempa nafasi: apande kilima chao cha mbio, njia ya murram, udongo mwekundu mtupu, amalize, na akimaliza watamchukua msimu mzima. Asipomaliza, kiti kinaenda kwa mwingine. Injini ilikuwa hiyo moja. Hakukuwa na nyingine popote, wala mwaka mwingine.

Aliileta kwetu siku chache kabla ya mbio. Jua lilikuwa linachoma. Tukaifunga, tukakisia ukutani, nikafunga bomba langu la shaba, nikavaa vifuniko.

Mara ya kwanza, safi. Kiganja. Fundi akaongeza msukumo wa tabo. Mara ya pili, safi. Kiganja. Akaongeza tena. Mara ya tatu nikasikiliza kwa makini yote niliyonayo, na ilikuwa nzuri, laini, kama upepo ndani ya mtungi. Kiganja.

Amoding akapiga makofi. "Ongeza, Fundi! Kile kilima hakina huruma!"

Fundi akaanza kugusa kompyuta. Mimi nikageuka kuangalia kioo kikubwa cha kompyuta ukutani ambapo mistari huonekana. Mstari wa toki ulipanda vizuri, ukafika bega, na hapo katikati, mahali ambapo mara mbili za kwanza palikuwa bapa, palikuwa na shimo. Dogo. Kama mtu amebonyeza unga kwa kidole. Halafu mstari ukapanda tena.

Tabo haitoboi shimo namna hiyo. Shimo la namna hiyo hutokea kompyuta ya gari yenyewe inaposikia kugonga na kurudi nyuma kwa woga. Gari lilikuwa limesikia noki. Mimi sikuwa nimesikia.

Nilisimama pale. Niliwaza labda ni pipa. Labda mkanda umeteleza. Na Fundi alikuwa na sheria aliyoisema tangu siku yangu ya kwanza: sikio kwanza, karatasi baadaye. Alikuwa ameshika usukani. Aliniangalia kupitia kioo cha mbele, akasubiri kiganja cha kuanza.

Nikakunja ngumi.

Akatoa kichwa dirishani. "Nini? Sijakanyaga bado."

"Fundi, zima."

"Umesema safi."

"Nimesema safi. Usiniamini."

Akazima. Feni ikaendelea peke yake. Amoding akatazama huyu, akatazama yule. "Aki, msinitishe. Injini imekufa?"

"Injini iko sawa," nikasema. "Angalia hapo ukutani, Fundi. Hilo shimo. Mimi sikusikia kitu."

Fundi alishuka, akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Akachukua spana, akafungua plagi moja, akaipeleka juani. Kwenye ule udongo mweupe wa plagi kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi, kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Mkiona hivyo, watoto, hiyo ni pistoni imeanza kuliwa. Imeanza tu. Mara moja zaidi, na msukumo zaidi, ingekuwa hadithi nyingine.

"Amoding," Fundi akasema, "vaa hivi vifuniko."

"Mimi? Mimi si fundi."

"Una masikio. Vaa."

Akarudisha msukumo chini kidogo, akakanyaga taratibu, hakufika juu. Amoding alikuwa ameinama, macho yamefungwa. Ghafla akaruka. "Hapo! Hapo! Ni kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo!"

Fundi akaachia. Akaniita nivae mimi. Akarudia, pale pale, mguu ule ule. Nikasikia upepo ndani ya mtungi. Mtamu kabisa. Nikavua, nikamrudishia Amoding vifuniko mkononi, na yeye, mwanamke anayebishana na madereva wa lori Malaba nzima, alishindwa kunitazama.

"Sikio," akasema kwa sauti ndogo.

"Usinihurumie, dada. Piga kazi. Kilima kinakungoja."

Alasiri yote Fundi alipima kwa masikio ya Amoding. Wakapunguza ncha ya farasi, wakajaza toki katikati, sehemu ambayo gari linatoka kwenye kona na matairi yanatafuta pa kushika. Chati ya mwisho haikuwa ya kumtambia mtu. Ncha ilikuwa fupi. Lakini bega lilikuwa pana, bapa, bila shimo. Nilizibandika dirishani, ya kwanza na ya mwisho, nikaona nafasi kati yake, nikaridhika.

Amoding alimaliza kile kilima. Hakuwa wa kwanza, msimwongezee. Alimaliza, gari likiwa limejaa vumbi jekundu mpaka ndani, na timu ikamchukua. Alinipigia simu kutoka kule juu akipiga kelele, na mimi nikampa mke wangu simu anitafsirie, kwa sababu upepo ulikuwa mwingi na maneno yalikuwa yananipita.

Ndipo nikakubali kwenda kupimwa. Fundi alinipeleka mwenyewe kliniki, upande wa Alupe, akakaa nje kwenye benchi na kofia mkononi. Dada wa pale akaniingiza kwenye chumba kidogo kimya, akanivika vifuniko. Nikacheka, nikamwambia hivi navijua. Akanipa kitufe: nikisikia mlio, nibonyeze. Baadaye akatoa karatasi.

Ndugu zangu, ilikuwa chati! Mistari miwili, sikio la kulia na la kushoto. Inaanzia sauti nzito inakwenda mpaka sauti nyembamba. Nikaishika kama ninavyoshika yoyote.

"Hapa ni mizunguko mingapi?" nikamuuliza.

"Si gari, Barasa," akasema. "Ni wewe."

Mstari ulikwenda bapa, vizuri, halafu ukafika sauti za juu ukatumbukia. Shimo. Halafu ukapanda kidogo mwishoni. Masikio yote mawili, mahali pamoja, kule juu juu noki inakokaa. Akanieleza kwamba kelele huua seli za ndani ya sikio, na zilizokufa hazirudi. Nikiendelea kukaa kwenye kelele, shimo litapanuka mpaka liingie kwenye maneno ya watu. Nina binti mdogo anayeanza kuongea. Tayari alikuwa ananiambia vitu na mimi naitikia tu kwa kichwa, nikidhani ni yeye hajui kutamka.

Kwa hivyo niliacha. Sikulia hapo. Nililia baadaye kidogo, nyuma ya choo cha gereji, nikamaliza, nikanawa.

Yaliyo ya maana sasa. Vaeni vile vipande vya sponji ndani ya masikio, na vifuniko juu yake, hata kama injini ni tamu, hasa kama ni tamu. Pokezaneni bomba la shaba, asikae mtu mmoja. Kwenye chati msiangalie ncha, angalieni mashimo. Na ile sheria ya Fundi ameibadilisha mwenyewe, ameandika ukutani kwa rangi ili isifutike: sikio na karatasi pamoja.

Mimi sijakaa bure. Nimeanza kuchungulia boda za umeme zinazopita mpakani. Mnajua toki ya mota ya umeme? Inaanza juu kabisa, pikipiki ikiwa bado imesimama, na haina kelele hata chembe. Nina ndoto kubwa kuhusu hilo, mke wangu anasema nizipange foleni.

Siku yangu ya mwisho nilileta ile karatasi ya kliniki. Nikaificha nyuma ya mgongo, nikaita kila mtu, nikasema leo tunapima Sikio, chukueni chaki. Mlikuwepo. Mnakumbuka mlivyosita. Amoding ndiye aliyeanza, akachora mstari wenye bonde dogo upande wa sauti za juu. Mama wa chai akachora kilima, hakuelewa vizuri, tukamtoa kwenye hesabu. Wengine mkachora mabonde yenu.

Fundi Wandera alikuja wa mwisho. Kwa miaka yote niliyokuwa pale hakuwahi kukosea akaosha Kukhu, hata mara moja. Huyu ndiye mtu aliyeniona nikirudisha vifuniko kwa Amoding. Alichukua chaki, akachora mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho, bapa, ulionyooka, bila shimo lolote.

Nikaitundika chati yangu kwenye kamba, kati ya lile la Kijerumani na gari la Amoding, nikaibana kwa vibanio viwili.

Hakuna aliyesema Fundi amekosea. Alisimama akaitazama, akavua koti, akalitundika. Akachukua brashi na ndoo ya sabuni, akapiga magoti kwenye zege mbele ya Kukhu, akaanza kusugua. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, nywele za brashi juu ya chuma. Niliisikia yote.